Miche minne ya bonsai bila lebo, na mmoja umenishinda

Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba wataalamu wa safu yako wanisaidie kuutambua mche mmoja. Ulinunuliwa hapa Unguja pamoja na mitatu mingine, kila mmoja kwenye kiriba chake, bila lebo yoyote, na muuzaji akiiita yote "mikrismasi". Jina hilo halinifai kitu, maana mkasi wa bonsai, yaani mti unaodumishwa mdogo chunguni kwa kupogolewa, unataka kujua mti kwanza. Podo ukiukata hadi kwenye tawi tupu lisilo na jani huchipua tena; mreteni (Juniperus) ukiufanyia hivyo, tawi hilo ndiyo basi.

Mitatu haikunisumbua. Wa kwanza ni mvinje, na si jamii ya misonobari hata kidogo: "sindano" yake ukiivuta hukatika pingili kwa pingili, na kila kifundo kina duara la vijani vidogo mfano wa meno, saba au nane. Wa pili ni podo, jani bapa lenye mshipa mmoja katikati. Wa tatu ni Platycladus orientalis, wa jamii ya saipresi. Vitawi vyake bapa husimama wima kama kurasa za kitabu, na koni zake changa zina vipembe vilivyopinda.

Kazi ipo kwa wa nne. Shina ni nene kama kidole gumba, gome la kahawia lenye wekundu, linabanduka kwa nyuzi ndefu. Karibu na shina majani ni sindano zinazochoma, urefu milimita 6, tatu tatu kila kifundo, na upande wa juu zina michirizi myeupe. Huko nchani ni magamba yaliyolala juu ya kitawi, mawili mawili yakielekeana, na kitawi chenyewe ni cha mviringo. Saipresi nimeitoa kwenye hesabu: nayo huanza na sindano ikiwa mche, lakini mche wa unene huu ungekuwa umeshaziacha. Basi ni mreteni. Lakini upi? Kuna mtarakwa wa bara, Juniperus procera, ambao kwao ni milimani kwenye baridi kama Usambara, na kuna Juniperus chinensis ambao watu wa bonsai wanaupenda sana. Huu wa pili mara nyingi hubaki na majani ya aina zote mbili hata ukikomaa, ila mche wangu bado mdogo, kwa hiyo ishara hiyo siwezi kuitegemea. Tunda hauna hata moja.

Tena umeanza umanjano kwa ndani. Nimeugongagonga juu ya karatasi nyeupe kutafuta utitiri, hakuna kilichotembea. Nashuku maji. Ya kisima changu yana chokaa, birika linashika ukoko mweupe kila wiki, na mizizi ikikaa kwenye chokaa hushindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yamo. Sasa namwagilia maji ya mvua.

Mchanganyiko wa kupandia niliouandaa ni matofali ya kuchoma yaliyopondwa na kuchekechwa, punje za milimita 3 hadi 6, sehemu tatu, kwa sehemu moja ya makumbi yaliyokatwakatwa. Kokoto za hapa nimeziacha: dondoshea siki uone zinavyotoa povu, ni matumbawe matupu, chokaa ile ile. Na makumbi ni ya shamba, si yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba, kwani hayo yamejaa chumvi.

Maswali yangu. Bila tunda, kuna alama gani kwenye jani au kitawi ya kuitenganisha mireteni hii miwili kwa kioo cha kukuzia? Je, niutoe kwenye kiriba sasa kabla ya masika, nikipunguza mizizi isiyozidi theluthi, au ningoje kipupwe cha Juni? Mvua za masika zinaweza kuozesha mizizi iliyokatwa juzi, lakini jua la kaskazi nalo hukausha mti usio na mizizi ya kutosha. Na kama ni mtarakwa, yupo aliyewahi kuukuza chunguni hapa visiwani, usawa wa bahari, ukapita miaka mitatu? Kama jibu ni hapana, nitaupeleka kwa jamaa Lushoto kabla sijautia waya wa kupindia matawi.

Msomaji, Mjini Unguja