Elementi nne zinatosha

Shangani, Mtwara

Somo yangu Salma,

Nyumbani hawajambo, na korosho za Newala mama keshauza. Sasa hiyo antena yako.

Unasema antena ya mradi wako wa chuo, ile ya GPS ya kufungwa kwenye ndege na kuziba kelele, yaani mawimbi yanayorushwa kuivuruga GPS, itakuwa na elementi 7 (vile viantena vidogo vinavyofanya kazi pamoja) kwa kuwa 4 ni chache. Ni kweli, 4 huweza kuzima kelele kutoka pande 3, na 7 kutoka pande 6. Lakini mgongo wa ndege una nafasi gani? Wimbi la GPS la megahezi 1575.42 lina urefu wa sentimita 19, na elementi hupangwa zikiachana karibu nusu yake. Ukizibana ili zienee, zinaanza kuingiliana zenyewe kwa zenyewe na hesabu zako za fezi (wimbi limefika hatua gani ya mpigo wake) zinavurugika.

Kukuza ishara ya GPS nako hakusaidii. Inasafiri zaidi ya kilomita 20,000 kutoka kwenye setilaiti, ikifika haifikii hata sehemu moja ya bilioni ya wati. Ukiikuza, na kelele inakua. Ni sawa na kumsikiliza mtu wa Msangamkuu ukiwa kivukoni huku boti linanguruma pembeni yako. Dawa ni kuliziba boti. Kelele hufika kwa kila elementi kwa kupishana kidogo mno. Ukirekebisha fezi na ukubwa kisha ukajumlisha, inajiua yenyewe. Ila setilaiti iliyo upande huohuo inakwenda nayo, na zikibaki pungufu ya 4, huwezi kupata latitudo, longitudo, kimo na saa kwa pamoja. Tena ndege ikiinama kukata kona, ule upande uliozibwa lazima urekebishwe papo hapo ili uendelee kuielekea kelele.

Usidhani ni mambo ya vita tu. Aprili 2024 ndege mbili za abiria za Finnair zilishindwa kutua Tartu, Estonia, zikarudi Helsinki, kwa sababu GPS ilikuwa inavurugwa na utaratibu wa kutua pale uliitegemea. Safari zikasitishwa mwezi mzima.

Kinachonivutia mimi zaidi ni ishara bandia za GPS, zile za kuidanganya ndege kuhusu mahali ilipo. Tapeli mmoja hutuma “setilaiti” zake zote kutoka mlingoti mmoja, ilhali za kweli zimetapakaa angani. Elementi moja haiwezi kulitambua hilo, nne zinaweza. Ningekuwa wewe, mradi ungekuwa huo, hizo 7 ningewaachia wenye pesa.

Nijulishe bati la chini, lile la kubeba elementi, umelikata bapa au limepinda kama mgongo wa ndege. Na Lindi unashuka lini?

Wako,
Somo