Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: umeme wa Karuma unatupita barabarani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati na Maendeleo ya Madini,
Kampala

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Bombo. Mimi ni dereva wa gari la kukodi, na abiria wangu wengi ni wa safari za mikoani: Masaka, Mbarara, Gulu, mara mojamoja Kabale. Siku hizi kwenye stendi yetu ubishi wa mpira umepata mshindani. Watu wanabishana hadi chai inapoa: gari la umeme litafika Gulu au litaishia njiani? Nakuandikia wewe kwa sababu, kwa ninavyoona, jibu halimsubiri tena mtengenezaji wa magari. Linaisubiri wizara yako.

Tuanze na umbali, maana hapo ndipo watu hutishana bure. Kutoka Kampala hadi Masaka ni kama kilomita 130. Mbarara ni kama 270, Gulu kama 330, Kabale mia nne na kitu. Gari jipya kama BYD Atto 3 linapimwa huko Ulaya kwa kilomita 420 kwa chaji moja. Punguza kwa ajili ya mzigo, milima na mguu mzito wa dereva, bado Mbarara unafika bila kusimama. Hata basi la Kayoola la Kiira Motors, shirika la serikali yetu wenyewe, linatajwa kwa kilomita 300 hivi. Tena sisi hatuna theluji. Baridi kali hula betri, lakini Norwei, nchi ya barafu, karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa mwaka 2024 yalikuwa ya umeme. Kama wao wanasafiri, Kabale haiwezi kuwa kisingizio.

Ila mimi na wenzangu hatununui gari jipya, na wewe unalijua hilo. Tunanunua lililotumika Japani. Kwa upande wa umeme, hapo jina linalotajwa ni Nissan Leaf. Lile la betri ya kilowati-saa 40 lilipokuwa jipya lilipimwa kwa kilomita 240 hivi. Yale ya mwanzo, ya kilowati-saa 24, yalikuwa na nusu ya hapo, na tangu wakati huo betri zao zimechoka. Kwa hiyo Leaf la 40 lenye betri nzuri linakwenda Masaka raha mustarehe. Kurudi siku hiyohiyo bila kuchaji ni kujitafutia presha. Gulu halifiki. Muuzaji akikuambia linafika, mwombe mwaende wote wawili.

Mwenzangu mmoja analo hilo Leaf. Alipeleka watu kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, upande wa Masaka, wakalala gesti, akachomeka gari kwenye soketi ya kawaida ya ukutani. Soketi ile hutoa kilowati mbili na kidogo, kwa hiyo usiku kucha unapata kama nusu ya betri. Hiyo ingemtosha kurudi. Lakini mwenye gesti aliamka usiku akakuta yuniti za yaka, ile mita ya kulipia kabla, zinateremka kwa kasi asiyoijua, akachomoa waya. Asubuhi ikawa ni majadiliano marefu kuliko ya mahari: yuniti moja ni shilingi ngapi, nani kasoma mita, gari lilikula kiasi gani. Simlaumu mama yule. Hakuna aliyewahi kumwambia bei ya kumuuzia msafiri umeme, wala kama anaruhusiwa kuuuza.

Na bado tunayataka magari hayo, kwa sababu hesabu yake ni tamu. Umeme wa nyumbani ukiukadiria shilingi 750 kwa yuniti, yaani kilowati-saa moja, kujaza betri ya 40 ni elfu 30 na kidogo, ukihesabu na kinachopotea wakati wa kuchaji. Elfu 30 hiyo inakupeleka zaidi ya kilomita mia mbili. Gari langu la petroli linakwenda kilomita kumi kwa lita, na lita ikiwa elfu tano, kilomita mia mbili zinakula laki moja. Hapo hata abiria anayebembeleza nauli ananufaika.

Sasa Karuma. Bwawa lile la megawati 600 lilizinduliwa rasmi Septemba 2024, nasi wa njia ya Gulu tunalipita kila safari. Umeme wake unasafirishwa kwa nyaya za kilovolti 400 hadi Kawanda, pale pale kwenye barabara ya Bombo. Mheshimiwa, angalia ramani: Karuma iko kando ya barabara ya Gulu, Kawanda iko kando ya barabara hiyohiyo. Umeme unafunga safari ya karibu kilomita 250 sambamba na sisi, na njia nzima dereva wa gari la umeme anahesabu asilimia zilizobaki kwenye dashibodi. Najua chaja haichomekwi kwenye waya wa kilovolti 400, mafundi wameshanicheka kwa hilo. Inahitaji njia ndogo ya umeme, transfoma na fezi tatu. Lakini Luweero, Migyera, Kigumba na Bweyale ni miji yenye watu, biashara na malori yaliyoegeshwa usiku kucha. Si nyika.

Ninachoomba ni kwamba chaja za kwanza ziwekwe pale ambapo abiria tayari wanashuka kula. Ukienda Masaka, kila mtu anasimama Lukaya kwa kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi za kuchoma. Ukienda Jinja ni Namawojjolo. Njia ya Gulu tunasimama Migyera au Kigumba. Chaja ya kilowati 50 kwa nusu saa inaweza kuliongezea gari dogo kilomita mia moja na kitu, na nusu saa ndiyo muda wa mzee kumaliza kuku wake na kutafuta choo. Betri ikipita asilimia 80 kasi ya kuchaji hushuka, hivyo dereva mwenye akili anaondoka hapo, anampisha mwenzake. Tukiwa na chaja Kigumba, lile Leaf la mitumba linaweza kufika Gulu. Bila hiyo, hata gari la mamilioni mengi litabaki la kwenda ofisini na kanisani.

Ziwe mbili mbili, tafadhali. Chaja moja ikiharibika ni sawa na kutokuwa nayo, na mwenye gari la umeme hawezi kuomba lita mbili kwenye kidumu. Ziwe na mwanga na mlinzi, kwa sababu usiku ndio tunasafiri. UEDCL, iliyochukua usambazaji wa umeme Aprili 2025, ipewe wajibu wa kutangaza kila siku ni ipi inafanya kazi. Umeme ukikatika Kigumba saa nane usiku, mimi nijue nikiwa bado Luweero.

Halafu kuna plagi, jambo linaloonekana dogo hadi likukute. Leaf la Japani linatumia plagi iitwayo CHAdeMO. Magari mengi yanayoundwa kwa ajili ya soko la China yana GB/T. Ya Ulaya yana CCS2. Haziingiliani. Mtu akijenga kituo chenye plagi ya aina moja tu, nusu ya wateja watapiga picha na kuondoka. Norwei ilipotoa ruzuku kujenga chaja kwenye barabara zake kuu, kila kilomita 50 hivi, ilidai kila kituo kiwe na plagi za aina zaidi ya moja. Nanyi mnaweza kudai hivyo kabla hamjatoa kibali hata kimoja, na haiwagharimu ila karatasi.

Kwa malori ya Elegu, mpakani na Sudan Kusini, na mabasi ya usiku ya Arua sikudanganyi, bado. Trela lenye tani zake linahitaji betri na chaja za ukubwa mwingine kabisa, na dereva analipwa kwa safari, halipwi kwa kusubiri. Dizeli itabaki kwao kwa miaka. Najua pia kwamba wizara yako ndiyo inayosimamia visima vya mafuta vya Tilenga na Kingfisher, na kwamba Hazina inapenda kodi ya petroli. Sina ugomvi na mafuta yetu. Nauliza tu kwa nini umeme, ambao tayari tunao, uwe na maduka machache barabarani kuliko mafuta ambayo kila lita tunaagiza kutoka nje.

Mheshimiwa, kabla ya semina nyingine ya hotelini kuhusu usafiri wa umeme, tuma maafisa wako wawili wapande gari la umeme kutoka Kampala hadi Gulu bila msafara na bila gari la kuwafuata nyuma. Mahali watakapolazimika kusimama, hapo waweke alama. Sisi madereva wa njia hii tuko tayari kukaa nao na ramani, tukiitwa.

Wako mtiifu,
Dereva wa gari la kukodi, Bombo

Nakala: Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, UEDCL