Vikapu vya waya vipewe asili yake ya kweli

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonikera kwa muda sasa, nalo ni namna vikapu vya nyaya za rangi vinavyouzwa katika maduka ya sanaa huku kwetu kwa maelezo yasiyo ya kweli. Mwezi uliopita nilinunua kimoja katika duka la mjini. Karatasi iliyobandikwa chini yake ilisema ni kazi ya Kimasai ya karne ya 19, na muuzaji akaniapia kwamba alikipata kwa mzee mmoja wa bara. Nilikinunua kwa uzuri wake. Maelezo yale sikuyaamini hata kidogo.

Nilipofika nyumbani nilikiweka chini ya taa nikakikagua. Ni kibakuli chenye upana wa kama shubiri moja na nusu, na mistari yake myekundu, myeupe na ya buluu inazunguka kutoka kitovuni hadi ukingoni kama gamba la konokono. Ukikwaruza kwa ukucha unagusa plastiki, na pale ukingoni, mahali ambapo msukaji alikata ncha na kuichomeka ndani, shaba inametameta kama kichwa cha sindano. Huo ni waya wa simu, uzi mwembamba wa shaba uliovishwa plastiki, ambao hufungwa mwingi ndani ya kebo moja, kila mmoja kwa rangi yake, ili fundi ajue upi anauunganisha na upi. Nyaya hazikuanza kuvishwa plastiki ya namna hii hadi karne ya 20, kwa hiyo kikapu chenyewe kiliikanusha karatasi yake.

Asili ya ufundi huu ni KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, hasa Durban na viunga vyake. Wazulu wana kifuniko kidogo chenye umbo la bakuli kiitwacho imbenge, ambacho huwekwa juu ya ukhamba, yaani chungu cha pombe ya nafaka, ili vumbi na wadudu wasiingie. Imbenge ya zamani ilisukwa kwa nyasi na kwa majani ya mti wanaouita ilala, na hapa msomaji wa pwani atatega sikio, maana ni ndugu wa mlala wetu huu huu, ambao bibi zetu huyapasua majani yake na kuyaanika kabla ya kusuka mikeka na vikapu. Hata kazi ya imbenge inafanana na ya kawa tunalofunikia chakula.

Kutoka majani hadi waya, njia ilipitia lindo la usiku. Katika miaka ya ubaguzi wa rangi wanaume wengi waliacha vijiji vyao na kwenda mijini kutafuta kazi, na baadhi yao waliajiriwa kuwa makorokoroni wa viwanda na majengo. Usiku ni mrefu kwa mtu anayekesha peke yake na rungu mkononi, na mikono iliyojifunza kusuka tangu utotoni haikubali kukaa bure. Vipande vya waya wa simu vilivyobaki baada ya mafundi kuondoka wakavizungushia kwenye fimbo na marungu yao, wakitoa nakshi za rangi, na baadaye wakasuka kwa waya imbenge ile ile waliyoijua kwa majani. Elliot Mkhize, aliyekuwa mlinzi wa usiku mjini Durban, ni miongoni mwa wa kwanza kujulikana kwa majina yao katika ufundi huu. Katika miaka ya 1990 mbunifu Marisa Fick-Jordaan alifanya kazi na wasukaji kupitia duka la BAT Centre, kituo cha sanaa mjini humo, na wanawake wengi wa makazi ya Siyanda, karibu na KwaMashu, wakaingia katika kazi hiyo. Mwishoni mwa 2024 jumba la makumbusho ya sanaa za jadi la Santa Fe, Marekani, lilifungua maonyesho mazima ya kazi hizi.

Nakiri kwamba uongo wa muuzaji wangu una pa kushikilia. Misafara iliyotoka Bagamoyo katika karne ya 19 ilibeba masango, yaani mizingo ya waya mnene, kama mali ya kununulia vyakula na pembe, na wanawake wa Kimasai walijivisha mizunguko ya waya wa madini mikononi na shingoni. Wakamba nao walipigilia nyuzi za shaba kwenye viti vyao kwa ustadi ambao hadi leo unamsimamisha mtazamaji. Lakini waya huo ulikuwa madini matupu, na haukusukwa bakuli za namna hii. Anayevichanganya vitu hivi anawapokonya Wamasai na Wakamba historia yao pia, si Wazulu peke yao.

Mnunuzi anaweza kujikagulia. Akipindua kikapu na kukibonyeza, kikiwa kigumu kama sahani, huenda kina kiini cha waya mnene wa chuma uliopindwa mzunguko kwa mzunguko, na waya wa simu umeuzungukia na kuufunika. Kikiwa laini na chenye kunepa kidogo, kimesukwa kwa nyaya za simu zenyewe juu ya bakuli lililotumiwa kama kalibu, kisha bakuli likatolewa. Aulize pia jina la msukaji. Vikapu vilivyotoka kwa wauzaji makini wa Durban mara nyingi huja na jina hilo, na ninaumia nikifikiri kwamba huenda likabanduliwa njiani ili hadithi ya "kitu cha kale" ipandishe bei. Mtu aliyeketi siku nyingi akihesabu nyaya, akibadili rangi kwenye kila mzunguko bila mchoro wowote mbele yake, si mzee asiye na jina wa karne ya 19. Pengine yu hai, na anahitaji oda nyingine.

Nawaomba wenye maduka waandike kwenye kila kikapu mahali kilikosukwa, jina la aliyekisuka na mwaka walipokinunua, na wahifadhi risiti za waliowauzia. Changu nimekibandua karatasi yake, nikaweka nyingine ndani iliyoandikwa kwa wino: "Imbenge ya waya wa simu. Ufundi wa Kizulu, Durban na viunga vyake. Karne ya 20 au baada yake. Jina la msukaji halikutolewa na muuzaji." Mstari wa mwisho nimeuachia nafasi chini yake.

Msomaji wako,
Tanga