Sikuolewa, niliozwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu, nalo ni vitenzi ambavyo magazeti yetu ya Kiswahili, hili lako likiwamo, huvitumia yanapoandika habari za wasichana na wanawake. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka 26 mkoani Shinyanga hadi nilipostaafu. Katika miaka hiyo nilisikia watu wakieleza maisha yao kwa maneno yao wenyewe, kisha nikaona maneno hayo yalivyogeuka yalipofika kwenye karatasi.

Watu wengi hukisifu Kiswahili kwa kutobagua jinsia, na sifa hiyo ni ya haki. Tukisema "amefika", hakuna ajuaye kama aliyefika ni mwanamume au mwanamke, na mwanafunzi wetu anayejifunza Kiingereza hutaabika miaka mingi kuchagua kati ya viwakilishi viwili pale ambapo yeye amezoea kimoja. Ngeli yetu ya watu huwachukua wote, mume na mke, mtoto na mzee, hata mbuzi na simba. Lakini jinsia isiyokuwamo katika kiwakilishi imo katika kitenzi, na huko hatuangalii. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Ndoa ni moja na siku ni moja, ila mmoja anatenda na mwenzake anatendwa. Tumelizoea jambo hili kiasi kwamba mtu akitaka kumdhalilisha mwanamume anayemsikiliza mkewe, husema "huyo ameolewa", na hakuna anayehitaji kufafanuliwa tusi liko wapi. Wapo vijana siku hizi wanaosema "tumeoana". Neno hilo nalipenda, ila barua yangu haiwahusu wao.

Inamhusu mama mmoja niliyemwona katika shauri la talaka. Alikuwa mkulima wa makamo, amejifunga kanga mbili, na aliongea taratibu kama mtu aliyekwisha kuyapanga maneno yake njiani. Hakimu aliandika ushahidi wake kwa mkono, kama ilivyo desturi, na alipomaliza akamsomea ili athibitishe. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "Niliolewa na mdaiwa nikiwa na umri wa miaka 15." Kabla ya kusomwa ya pili, mama akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, hapo sivyo nilivyosema. Mimi sikuolewa, niliozwa." Hakimu alimtazama, wazee wa baraza wakatazamana, kisha hakimu akalikata neno la kwanza kwa mstari mmoja, akaandika la pili juu yake na kuweka saini ndogo pembeni. Mdaiwa alipopewa nafasi alieleza kwamba alioa kwa heshima zote, kwa ng'ombe 12, na kwamba baba mkwe aliwapokea mbele ya mashahidi. Sikumwona kama mtu anayedanganya. Wote wawili walikuwa wakieleza siku ileile. Lakini katika maelezo ya mume mlikuwa na yeye mwenyewe, ng'ombe na baba mkwe, na binti hakuwamo. Na katika neno moja la mke mlikuwa na binti pamoja na mtu aliyemtoa.

Tofauti yote hiyo, Mhariri, imebebwa na sauti moja ndogo, z. Kuoa huzaa kuoza au kuozesha, yaani kumfanya mtu aoe au aolewe, na kutoka hapo tunapata kuozwa na kuozeshwa. Mnyambuliko huu haukuletwa na wanaharakati wala haukutafsiriwa kutoka popote. Umo katika kamusi zetu na umo vinywani mwa watu. (Nimewahi kuambiwa kwamba waandishi hulikwepa neno "kuozwa" kwa sababu linamkumbusha msomaji tunda lililoharibika. Basi waandike "kuozeshwa", ambalo halina shida hiyo.) Hata hivyo karibu kila ninaposoma habari ya mtoto aliyekatishwa masomo ili baba apokee mahari, naambiwa kwamba mtoto "ameolewa" au, vibaya zaidi, kwamba "ameolewa katika umri mdogo", kana kwamba kosa pekee la binti lilikuwa haraka.

Sheria yenyewe inajua kwamba kuna mtu wa tatu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliweka umri wa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, kisha ikataka msichana aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba, au ya mama au mlezi pale baba asipokuwapo. Sheria hiyohiyo inasema pia kwamba hakuna ndoa bila ridhaa ya hiari ya wanaofunga ndoa. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alipofungua shauri kupinga vifungu hivyo vya umri na ridhaa ya wazazi, Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaukazia uamuzi huo Oktoba 2019. Mjadala ule ulikuwa mkubwa na magazeti yaliufuatilia vizuri. Lakini sehemu kubwa ya mazungumzo yetu iliuita mjadala wa "umri wa kuolewa", wakati hoja yenyewe ilikuwa umri ambao mzazi ana uwezo wa kuoza.

Ninalotaka kulikalia zaidi ni neno "kupata". Tunapata homa, tunapata ajali, tunapata hasara, na wanafunzi wetu "wanapata mimba". Kila mwaka husoma mtu taarifa kutoka halmashauri fulani kwamba wanafunzi kadhaa wamepata mimba, na mwandishi huinakili kama ilivyotoka kwa ofisa, mara nyingi pamoja na rai kwa wasichana wajitunze na kwa wazazi wawe karibu na watoto wao wa kike. Nimesoma habari za namna hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukutana na mwanamume hata mmoja. Wamo wasichana, wamo wazazi, yumo mkuu wa wilaya, imetajwa hata barabara ndefu ya kwenda shuleni na ukosefu wa mabweni. Aliyempa mimba hayumo.

Kwamba Kiswahili kina kitenzi chake tunajua, kwa sababu gazeti lilelile hukitumia likiwa mahakamani. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na tangu hapo tumezoea kichwa cha habari kinachosema fulani amehukumiwa kwa "kumpa mimba mwanafunzi". Hapo mtenda yupo, kitenzi kinamtaka, wala hakuna mhariri anayethubutu kuandika kwamba mtu amefungwa kwa sababu mwanafunzi "alipata". Mtaani nako watu husema wazi: binti katiwa mimba, kabebeshwa mimba, kazalishwa akaachwa. Ni maneno makali, na sishauri yote yaingie gazetini, lakini kila moja linamwachia nafasi yule aliyefanya, ili anayesikia aulize ni nani. Lugha ya baraza na ya foleni ya maji, ambayo tuliosoma huiita ya mitaani, ni makini kuliko ile ya taarifa rasmi.

Mahakamani niliona pia kwamba mgawanyo huu hauji kwa bahati. Mama mwenye mtoto aliyeharibikiwa masomo alisema, "Alimpa mwanangu mimba." Upande wa pili, baba wa kijana au kijana mwenyewe, alisema, "Binti alipata mimba, ndipo tukaanza kuzungumza kifamilia." Sikuhitaji kuinua macho kwenye rejesta kujua nani anaongea. Mwandishi anayechagua kitenzi cha pili hajabaki katikati, hata kama nia yake ni njema, kwa kuwa amechukua maneno ya upande mmoja na kuyachapa kama habari.

Ndivyo ilivyo pia kwa "kuacha shule". Kwa miaka mingi wasichana waliokutwa na ujauzito walifukuzwa, na Novemba 24, 2021 ndipo Wizara ya Elimu ilipotangaza kwamba wanaruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi baada ya kujifungua. Katika miaka yote hiyo tuliandika kwamba wanafunzi "waliacha shule kwa sababu ya mimba". Anayeacha ameamua. Wale waliachishwa, na aliyewaachisha alikuwa na mhuri na barua. Kiambishi hicho kimoja, -ish-, kingemwambia msomaji mdogo wa gazeti lako kwamba dada yake hakuondoka darasani kwa mapenzi yake.

Najua utanijibu kwamba gazeti haliwezi kumtaja mtu kuwa ametenda kosa kabla mahakama haijasema, na mimi niliyeishi mahakamani nitakuwa wa mwisho kukushauri uvunje kanuni hiyo. Lakini kumtaja mtu kwa jina na kumwachia mtenda nafasi katika sentensi ni mambo mawili tofauti. Wezi wakivunja duka usiku, hujasubiri hukumu. Umeandika kwamba duka limevunjwa na "watu wasiofahamika". Huwajui, huna majina yao, ila sentensi yako imekiri kwamba kuna watu. Mbona mwanafunzi mwenye mimba hapewi hata mtu asiyefahamika? "Anayetuhumiwa kumpa mimba hajakamatwa" ni sentensi halali, haimwonei mtu, na inampa mkuu wa polisi wa wilaya swali la kujibu.

Kuhusu mauaji nitasema kwa kifupi, maana ni jambo linaloniumiza. "Auawa kisa wivu wa mapenzi." Msomaji, umeliona mara ngapi? Mwanamke amekufa, na nafasi ya muuaji katika kichwa cha habari imekaliwa na wivu, tena wivu uliovishwa mapenzi. Aliyesema kwamba chanzo ni wivu ni nani? Mara nyingi ni yule aliyebaki hai, aliyehojiwa na polisi, maelezo yake yakatolewa kwa waandishi. Marehemu hawezi kusema kwamba alikuwa amedai talaka, au kwamba alikataa kutoa fedha za mazao. Kuandika kwamba mtuhumiwa amedai alifanya hivyo kwa wivu ni kuripoti. Kuandika kwamba wivu ndio kisa ni kumsaidia kujitetea kabla hajapanda kizimbani.

Sikuombi, Mhariri, uunde maneno mapya, wala sikuombi uandike kwa hasira. Naomba vitenzi ambavyo Kiswahili tayari kinavyo vitumike mahali pake: ameozwa kama ameozwa, ameachishwa kama ameachishwa, amepewa mimba kama ni mtoto wa darasa la saba ambaye hakuna lugha ya heshima inayoweza kusema kwamba aliipata. Kwa kuanzia, halmashauri itakapokuletea tena taarifa ya idadi ya wanafunzi wenye mimba, naomba mwandishi wako asiondoke ofisini bila kuuliza ni wanaume wangapi wamefikishwa mahakamani kwa mimba hizo, na jibu atakalopewa, hata likiwa hakuna, lichapwe katika aya ileile.

Wako katika kuijenga lugha,
Karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo,
Shinyanga.