Kijana akiuliza humu, mzazi wake asubiri

Habari za jioni wazazi, walezi na vijana wetu.

Wiki hii kijana ameuliza apande daladala gani kwenda Kariakoo, na hajamaliza kuandika, mama yake ameshajibu. Mama, tunakupenda, lakini tulia kidogo! Kikundi hiki kipo ili mwenye usonji awe na watu wengi wa kuwauliza, si mama peke yake.

Kwa hiyo atajibu mwingine, na kwa maneno ya wazi. "Utapaona tu" si jibu. Taja jina la kituo, nauli, na la kufanya gari likija limejaa. Anayependa kutuma sauti au picha badala ya kuandika, ruksa.

Akisafiri peke yake, WhatsApp inaweza kutuonyesha alipo kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Muda achague mwenyewe, na watakaomwona pia awachague yeye. Hawa ni watu wazima, jamani.

Namba ya siri ya M-Pesa haitumwi humu, hata kwangu. Kijana ukiombwa pembeni, niambie siku hiyo hiyo.

Jumamosi tunajaribu Mbagala hadi Kariakoo. Vijana, nani anakwenda?