Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani nchini Kenya: matokeo ya ukaguzi yafunguliwe kwa mnunuzi

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Salaam kutoka Kongowea, Mombasa. Mimi ni mchuuzi wa mboga. Mara mbili kwa wiki hupanda Wundanyi kuchukua kabeji kwa wakulima wa Taita, kisha huteremka na mzigo hadi Mwatate, nikashika njia ya Voi na kurudi pwani. Anayeijua barabara ile ya kutoka Wundanyi anazijua kona zake. Ukiwa na shehena ya kabeji mgongoni, roho yako iko kwenye breki.

Mwaka jana nilinunua pikapu kuukuu ya mwaka 2010. Rangi ilikuwa inang'aa, viti vimevishwa upya, injini imetulia. Niliitafuta rekodi yake kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali: jina la mmiliki ni lile lile la kwenye kitambulisho cha muuzaji, na haikuwa na deni la benki. Nikalipa. Wiki tatu baadaye ukafika ukaguzi wa mwaka, ambao gari la biashara haliukwepi, na pikapu ikaanguka.

Mkaguzi aliniita nishuke shimoni nijionee. Aligusa chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, karibu na springi ya nyuma kwa ncha ya bisibisi, na bisibisi ikazama. Juu palikuwa pamepakwa rangi nyeusi mbichi, chini yake kutu ilikuwa imekula chuma kikawa cha kumeguka kwa vidole. Kwenye mashine ya breki, gurudumu la nyuma la kushoto lilishika, la kulia likaendelea kuzunguka. Nilisimama pale nikihesabu mara ngapi nimeteremka Wundanyi na gari lile. Mara sita. Yule mkaguzi simlaumu hata kidogo, namshukuru mpaka leo.

Kilichoniuma nilikisikia baadaye kwa dereva aliyeliendesha zamani: lilishaanguka ukaguzi miaka miwili nyuma, kwa chasisi hiyo hiyo, likachomelewa kiraka, likapita. Muuzaji alilijua hilo. Mimi niliyekuwa natoa pesa ndiye niliyekuwa gizani.

Mheshimiwa, ombi langu ni moja. Mtu anapotafuta rekodi ya gari kwa nambari yake ya usajili, mbali na jina la mmiliki, aonyeshwe pia historia ya ukaguzi: tarehe, kilomita zilizosomwa siku hiyo, limepita au limeanguka, na kama limeanguka, kwa kasoro gani. Jambo hili linawezekana. Uingereza ukaguzi wa kila mwaka ulianza mwaka 1960, na leo mtu yeyote huko huandika nambari ya gari kwenye intaneti akaona bila malipo matokeo yake ya tangu mwaka 2005. Kasoro hupangwa kwa uzito: ndogo, kubwa, na ya hatari. Ujerumani wamekwenda mbele zaidi. Matokeo hukusanywa kwa aina ya gari na umri wake, yakachapishwa kila mwaka katika ripoti ya TÜV, mashirika yanayokagua magari huko, na mnunuzi akajua gari gani likifika miaka kumi bado ni imara, na lipi huanza kulegea mapema.

Sisi tunalihitaji hili kuliko wao. Sheria yetu inaruhusu kuagiza gari lisilozidi miaka minane, na mengi yanayoshuka bandari ya Mombasa yanakaribia umri huo. Tena rasimu ya kanuni za ukaguzi iliyoletwa kwa wananchi watoe maoni mwaka 2025 ilitaka hata magari ya binafsi yaliyopita miaka minne tangu kuundwa yakaguliwe. Kwa hesabu hiyo, karibu kila gari la mtumba litakuwa la kukaguliwa tangu mwanzo wa maisha yake hapa. Mwalimu aliyechukua mkopo wa chama kununua gari la kwanza ana haki ya kujua aina ile huanguka kwa nini kabla hajalipa.

Kuna dhana kwamba gari kuukuu ndilo bovu. Mjomba wangu ana pikapu ya miaka ya tisini, inaizidi yangu umri kwa zaidi ya miaka kumi, na hupita ukaguzi mwaka hadi mwaka. Kila akirudi kutoka safari ya mbali hulala chini yake na tochi. Huosha chumvi ya pwani kwenye chasisi, hubadilisha mafuta ya breki kabla hayajawa meusi, bushi ikianza kugonga haisubirishi. Umri unasema kidogo, matunzo yanasema mengi, na matunzo huonekana kwenye historia ya ukaguzi. Gari linaloanguka leo kwa balbu ya taa ya nyuma si sawa na linaloanguka kila mwaka kwa breki. Leo yote mawili yakishapita, sokoni yanasimama bega kwa bega kwa bei moja.

Historia hiyo itawabana pia wanaopitisha gari kwa siku moja tu. Nimeona kwa macho yangu matairi mazima yakifungwa asubuhi ya ukaguzi na kufunguliwa jioni, yakarudishwa vipara vilivyokuwapo. Gari linaloanguka kwa matairi mwaka huu, likapita baada ya siku mbili, kisha likaanguka tena kwa matairi mwaka ujao, litajieleza lenyewe kwa yeyote atakayeisoma rekodi.

Majina ya wamiliki wa zamani sina haja nayo. Nataka habari za chuma, kutu, breki na taa. Na mwenye gari lililoanguka apewe orodha iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, ampelekee fundi mkononi, maana fundi wangu alinihoji nusu saa nzima nikishindwa kukumbuka maneno ya mkaguzi.

Pikapu yangu imepita sasa, baada ya kipande kizima cha chasisi kukatwa na kuwekwa kingine. Nikitaka kuiuza, nitamwambia mnunuzi habari hiyo kwa mdomo wangu. Ningependa aikute pia kwenye rekodi zenu, asilazimike kuniamini.

Wako mtiifu,
Mchuuzi wa mboga, Kongowea