Shoga, Siku Njema Nimeimaliza

Tanga,
Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu kutoka Ngamiani. Sote tu wazima, mama anakusalimu sana na bado anakudai ile ahadi yako ya kuja Idi. Mzigo ulifika bila tatizo. Utingo alinipigia simu tangu wako mpakani Horohoro, nikaupokea stendi gazeti uliloufungia halijachanika hata kidogo.

Haya, tuingie kwenye yetu. Ile riwaya ya Siku Njema uliyonitumia nimeimaliza. Na ulinitega kweli, kumpelekea mtu wa Tanga kitabu kinachoanzia Tanga, halafu mwenye kisa anaitwa Kongowea, jina la soko lenu la huko Mombasa! Mama mwimbaji wa taarabu anafariki, mtoto anabaki yatima, anavuka mpaka kwenda kumtafuta baba asiyemjua. Hapo nani ataweka kitabu chini? Nilikaa na penseli nimngoje Ken Walibora, mtu wa bara wa kule Kitale, ateleze kwenye habari za mji wetu. Baada ya kurasa chache penseli sikujua hata nimeiweka wapi. Safari ile imeandikwa na mtu anayejua njaa ya msafiri asiye na nauli. Sasa naelewa kwa nini mlimlilia vile alipofariki Aprili 2020.

Ila zile sadfa, shoga! Mtu akipotea upande huu anaibukia upande ule mikononi mwa anayejuana na jamaa yake. Na methali zimerundikana mpaka nyingine zinakanyagana. Kitabu nimekipenda, lakini hayo siyafumbii macho.

Lile lako la pili ndilo litakalotugombanisha. Unasema wanafunzi wako wanaipenda Kidagaa Kimemwozea ya Walibora huyo huyo kwa sababu "wanamjua mwema na mbaya tangu mwanzo." Mimi hilo ndilo linalonitoa hamu. Mtawala akishaitwa Nasaba Bora, mwalimu akaitwa Majisifu, vijana wakawa Amani na Imani, mimi msomaji nimebakiwa na kazi gani? Nimeshakabidhiwa hukumu kabla ya kesi. Najua utanijibu kwamba Shaaban Robert alifanya hivyo hivyo, kwamba katika Kusadikika anayeshitakiwa ni Karama na anayemshitaki ni Majivuno. Sawa. Lakini ile ni ngano ya nchi isiyokuwepo, na mwaka 1951, chini ya Mwingereza, kusema mambo kwa mafumbo kulikuwa na maana yake. (Halafu mimi ni mtu wa Tanga. Shaaban Robert simsemi vibaya, nikapita wapi?)

Ninachokitafuta kwenye riwaya ni mtu nisiyejua nimweke wapi. Mchukue Zakaria, baba yake Rosa katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Mlevi, mpigaji, hana analolijenga pale nyumbani. Anagundua binti yake ameandikiwa barua na kijana Charles, anampiga kipigo cha kumtoa roho. Lakini muulize mzee yeyote wa wakati ule, atakwambia Zakaria alikuwa anamlinda mwanawe. Naye Zakaria anaamini hivyo! Kipigo kile kinamtia Rosa woga wa wanaume, na woga huo unapokuja kufunguka akiwa masomoni, mbali na nyumbani, unafunguka kwa fujo. Kezilahabi hasimami pembeni kutunyooshea kidole. Anakuachia baba na binti, uhangaike nao mwenyewe. Si ajabu kitabu kilichotoka 1971 kikaja kuzuiwa mashuleni. Wakubwa walitaka waambiwe nani mwenye kosa, na walipomtafuta wakajikuta wamo.

Sasa Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Umeniandikia kwamba uliiacha njiani kwa sababu "Yusuf hafanyi kitu." Mwalimu mzima! Mtoto wa miaka kumi na miwili amewekwa rehani kwa deni la babake, wewe ulitaka afanye nini, afungue kesi? Rudi pale mwanzo utazame jinsi Gurnah anavyompitisha yule tajiri. Aziz, ambaye Yusuf anamwita ami, anakuja kutembea amevaa vizuri, harufu yake ya ngozi na marashi na viungo inatangulia, na kila akiondoka anampa mtoto sarafu. Mtoto anamsubiri kwa hamu! Hapigi mtu, hapazi sauti. Kazi ya ukali ana mnyapara wa kuifanya. Kisha siku moja Yusuf anapandishwa treni pamoja naye, na ni Khalil, kijana wa dukani, anayemwambia bila kumung'unya maneno kwamba yule si ami yako. Mimi hapo nilifunga kitabu nikaenda kuchemsha chai. Ubaya wa mtu mpole anayenukia vizuri unanitisha kuliko Nasaba Bora kumi.

Na safari ya bara usiiruke. Wapagazi, hongo ya kupita kwa machifu, magonjwa, haya babu zetu walikuwa wakiyataja kwa juu juu tu. Riwaya ilitoka kwa Kiingereza 1994, na ikabidi tungoje mpaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobel, ndipo Mkuki na Nyota wakatutolea ya Kiswahili aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis. Kwa hiyo usiniambie imekushinda. Mwisho wake sikusimulii, ila ukifika pale Wajerumani wanapotokea, nipigie simu hata kama ni usiku, maana nina hasira na Yusuf na nimekosa wa kubishana naye.

Kama bado huna moyo wa Peponi, basi anza na hiki ninachokuletea, Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa Bwana Raza anayeweza kuwa babake, anahamishiwa huko huko kwenu Mombasa, anatoroka, anarudi Unguja na kukuta ndugu zake wamemfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo, pale pale Unguja, bila kumhoji. Watu wote wanamsifia Denge na siasa zake za kumpinga mkoloni, na kweli ni shujaa. Ila mimi nakwambia mwenye kitabu ni Mwajuma. Kila akitoka kwenye ukurasa, nyumba inapoa. Sinema ya Amil Shivji ya 2021 usiitazame kwanza. Ni nzuri, lakini Mwajuma wangu ana sura yake kichwani na sitaki uje na yako ya kuazima.

Nitakipakia Jumatano kwa basi la asubuhi. Usikunje kurasa wala usiwaazime wanafunzi, hiki nilikipata kwa shida. Maduka ya huku yamejaa vitabu vya maswali na majibu tu, ukiuliza riwaya unaulizwa ni ya kidato cha ngapi. Riwaya yangu ya Kuli, ya Shafi huyo huyo, nayo iko kwako tangu mwaka juzi, shoga, usidhani nimesahau. Utingo akirudi, mpe.

Na uniambie ukweli kuhusu Mwajuma.

Wako daima,
Shogayo wa Ngamiani